Redio ya Kuwasikiliza Marubani: Jawabu kwa Mama wa Magogoni



Barua tuliyoipokea juma hili kutoka Magogoni, Kisauni, si ya posa wala ya mirathi, na wala haihusu ugomvi wa mawifi. Mama mmoja atuandikia kwamba binti yake, aliye kidato cha tatu, amejiwekea pesa za Idi kwa miaka miwili na sasa ataka kununua redio ya kupokea mazungumzo ya marubani na waongoza ndege. Mama mwenyewe hakuliona jambo hilo kuwa baya. Lakini baba, aliyeko kazini Muscat, amelikataa kwa simu kwa maneno matatu: "Utatuletea askari nyumbani." Mjomba naye amelikataa kwa sababu nyingine kabisa: asema kusikiliza maneno ya watu wasiojua kuwa unawasikiliza ni tajassus, na tajassus imekatazwa. Mama yuko kati ya mumewe na nduguye, na binti amenuna.

Kuhukumu hatutahukumu, kwani nyumba ina wenyewe. Tutasema tunayoyajua, kisha tutoe rai yetu bila ya kuificha.

Kwanza chombo chenyewe, maana hata waume wenye kujidai ujuzi hulichanganya jambo hili. Redio tulizo nazo majumbani, kama ile ya jikoni itusomeayo Qur'ani alfajiri, hupokea masafa ya FM, yaani megahezi 88 mpaka 108. Marubani na waongoza ndege, duniani kote, huzungumza juu kidogo ya hapo, baina ya megahezi 118 na 137. Ni majirani wa ukuta kwa ukuta, lakini redio ya jikoni haiwasikii, na si kwa sababu ya masafa pekee. Ndege bado hutumia namna ya zamani ya kuibeba sauti, iitwayo AM, namna ile ile waliyoitumia babu zetu walipokuwa wakikusanyika barazani kuisikiliza Sauti ya Mvita. Basi muuzaji akimwambia binti kuwa redio fulani ni ya FM lakini "ina masafa mengi," na amshukuru na kutoka dukani.

Mtu aweza kuuliza kwa nini watu wenye ndege za mabilioni washikamane na mtindo wa kizamani. Sababu ni ya maana. Katika FM, watu wawili wakizungumza kwa pamoja, mwenye nguvu humfunika mnyonge, na msikilizaji hajui kuwa kuna mtu aliyesema asisikike. Katika AM sauti mbili hugongana na kutoa mlio mkali wa kukera masikio, na kila mmoja hutambua kuwa kuna neno lililopotea. Mlio huo ulisikika tarehe 27 Machi 1977 katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, zilipokuwa katika njia moja ya kurukia huku ukungu umetanda. Mnara wa kuongozea na rubani wa Pan Am walisema kwa wakati mmoja. Maneno ya kuwa Pan Am bado ingali njiani yakamezwa na mlio, ndege ya KLM ikaendelea na mbio za kuruka, na watu 583 wakafa. Tumelitaja jambo hilo kwa makusudi, na tutalirudia tutakapofika kwenye redio za kurushia.

Sasa, binti atasikia nini akiwa Magogoni? Masafa haya husafiri kwa mstari ulionyooka kama mwangaza wa tochi. Kutoka Magogoni mpaka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, ule ulioitwa zamani uwanja wa Port Reitz, ni kama kilomita 10 kwa mstari huo, lakini katikati yake pana majumba, minazi na miinuko. Akiwa ndani ya chumba cha chini huenda asimsikie mwongoza ndege vizuri, bali amsikie rubani tu, kwa kuwa rubani yuko juu na hana kizuizi. Ndipo waanzao hulalamika kuwa redio ni mbovu kwa sababu wasikia majibu bila ya maswali. Akipanda darini hali hubadilika. Na ndege iliyo futi 35,000 juu ya Bahari ya Hindi, ambayo jicho haliioni, sauti yake yaweza kufika kutoka zaidi ya kilomita 300.

Atasikia pia mambo ambayo sisi watu wa pwani twayajua kwa majina mengine. Njia kuu ya kurukia pale uwanjani ina nambari mbili, 03 na 21, nazo ni dira: upande mmoja waelekea nyuzi 30 na mwingine nyuzi 210. Ndege hupenda kutua na kuruka zikiukabili upepo. Kwa hiyo upepo wa kaskazi ukivuma, njia iitwayo 03 ndiyo iufaayo. Kusi likishika nguvu, ni ile ya 21. Nahodha wa jahazi na rubani wa Boeing waangalia jambo moja, ila mmoja hulisema kwa Kiswahili na mwingine kwa nambari. Saa nazo zitamchekesha. Marubani hutumia saa moja kwa dunia nzima, waiitayo Zulu, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Basi sisi tunaposema saa sita mchana, saa ya ukutani yaonyesha kumi na mbili, na rubani asema sifuri tisa sifuri sifuri. Mtoto wa Kiswahili aliyekulia katika saa mbili hatashindwa na ya tatu.

Lakini kilichotupendeza zaidi katika mazungumzo haya ni adabu yake. Mwongoza ndege akimwambia rubani ashuke mpaka futi elfu tatu, rubani hajibu "sawa" wala "nimeelewa." Huyarudia maneno yenyewe: futi elfu tatu, na jina la ndege yake. Mwongoza ndege husikiliza marudio hayo, na yakiwa na kosa husahihisha papo hapo. Aliyesoma chuoni kwetu aijua njia hii. Maalimu husoma, mwanafunzi humrudishia, na herufi ikitoka si mahali pake, hurudishwa nyuma mpaka itengenee. Hakuna aliyepata kuhitimu kwa kumwambia maalimu wake "nimefahamu." Herufi za Kiingereza nazo zina majina yao, Alfa, Bravo, Charlie mpaka Zulu, kwa utaratibu uliokubaliwa na mataifa mwaka 1956, ili Mhabeshi, Mturuki na Mkenya wasikosane kwa lafudhi. Hata tarakimu zimetengezwa: tisa ya Kiingereza huongezwa mkia na kuwa "naina," isije ikadhaniwa ni tano. Binti ambaye mama yake asema ana haya ya kuzungumza Kiingereza darasani angefaidika kuona kuwa Kiingereza hiki hakitaki ufasaha wa Mwingereza. Chataka neno liwe wazi na fupi.

Na iwapo mapenzi haya ni ya kweli, yana njia ya kwenda. Shule ya Usafiri wa Anga ya Afrika Mashariki iko Embakasi, Nairobi, tangu enzi za ukoloni, na iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, ambayo ndiyo inayosimamia waongoza ndege wetu. Hisabati, Fizikia na Kiingereza ndiyo masomo ya kushikilia. Asiambiwe kuwa ni kazi ya wanaume. Irene Koki Mutungi, mwanamke wa Kenya, alikuwa wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Kiafrika kuwa nahodha wa Boeing 787, mwaka 2014, naye ni mtoto wa rubani aliyezisikia habari za ndege nyumbani tangu udogoni. Binti wa Magogoni hana baba rubani. Redio itakuwa badala yake.

Twaja kwenye hofu ya baba, na hapa twaomba wasomaji wasiwe wepesi wa kumcheka. Asubuhi ya tarehe 28 Novemba 2002, makombora mawili yalirushwa kuielekea ndege ya shirika la Arkia la Israeli iliyokuwa ndiyo kwanza inaondoka katika uwanja wetu wa Mombasa. Yalikosa. Muda huo huo hoteli ya Paradise kule Kikambala ililipuliwa, wakauawa Wakenya 10 na Waisraeli 3. Miongoni mwa Wakenya hao walikuwamo wachezaji ngoma waliokwenda kuwalaki wageni. Tangu siku hiyo, kijana wa Kiislamu wa Kisauni, Likoni au Majengo akamatwapo na kitu kisichoeleweka, aliyemkamata ameshajipa jawabu kabla ya kuuliza swali. Mama zetu wanayajua haya kuliko wanavyoandika magazeti. Baba aliye mbali, ambaye hawezi kufika kituoni usiku wa manane kumdhamini mwanawe, ana haki ya kuogopa.

Wala haya si ya kwetu peke yetu. Novemba 2001, Waingereza 12 na Waholanzi 2, watu wazima wenye daftari na darubini, walikamatwa Ugiriki kwa kuandika nambari za ndege karibu na kambi za jeshi. Walishtakiwa kwa upelelezi, wakatiwa hatiani Aprili 2002, na hawakuachiliwa huru na mahakama ya rufaa mpaka Novemba ya mwaka ule. Iwapo wastaafu wa Kiingereza waliwekwa korokoroni kwa mchezo wanaouita burudani, mtoto wetu asidhani tabasamu lake litamwokoa.

Hata hivyo hofu ya baba yapaswa kutuongoza tutende vipi, si kutufungia mlango. Sheria zenyewe hutofautiana. Marekani mtu husikiliza ndege bila ya kuulizwa. Uingereza, nchi ya hao wapenda ndege, kuyasikiliza mazungumzo hayo bila ya idhini ni kosa. Kwetu Kenya, vyombo vya redio viko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, kwa Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998. Rai yetu ni kwamba mama, kabla ya shilingi moja kutoka, aiandikie Mamlaka hiyo kwa jina lake, ataje aina ya redio, aseme ni ya kupokea tu na ni ya mwanafunzi, na aulize masharti. Jibu likija alihifadhi pamoja na risiti ya duka. Wakisema hapana, ni hapana, na binti atapewa njia nyingine tutakayoitaja. Wakisema ndiyo, nakala ya barua ipelekwe kwa mzee wa mtaa, na chifu naye ajulishwe. Jambo linalojulikana na jirani zako wote halina harufu ya njama. Redio isichukuliwe kamwe karibu na ua wa uwanja wa ndege wala kivukoni Likoni, na isitafute masafa ya polisi, ya jeshi la majini wala ya jeshi lolote. Ibaki katika masafa ya ndege za abiria, ndani ya nyumba.

Na hapa turudi Tenerife. Madukani mjini kuna redio za mkononi za kuzungumzia, zile za walinzi, na zauzwa kwa bei ya kuvutia. Zile hupokea na kurusha. Nyingi kati yake hazipokei AM kabisa, kwa hiyo hazitamfaa. Na kitufe chake cha kuzungumzia, kikibonyezwa na mdogo wake kwa mchezo, kitamweka katika kosa la sheria bila ya leseni, na katika masafa ya watu wengine. Sauti moja isiyotakiwa yaweza kulimeza neno moja linalotakiwa. Katika jambo hili hatuna rai mbili: nyumba ile isiingie redio yenye kitufe cha kurushia, hata ikiwa ya zawadi. Binti akija kutamani kuzungumza, Kenya ina wapenzi wa redio wenye leseni, ambao majina yao ya hewani huanza kwa 5Z4. Hiyo ni njia halali na ina mtihani wake.

Mjomba ametaja tajassus, na twamshukuru kwa kukumbusha. Katazo liko katika Suratul Hujurat, aya ya 12, na limefuatana na katazo la dhana mbaya na la kusengenya. Ndani ya mkusanyiko huo twafahamu kuwa kinachokusudiwa ni kuchungulia aibu na siri za watu. Iko pia hadithi yenye onyo kali kwa mwenye kutega sikio kwa watu wasiotaka kusikiwa. Sasa tuutazame upepo wa Port Reitz: rubani asemapo, asema akijua kuwa kila ndege iliyo jirani yamsikia, na ataka zimsikie, maana usalama wa wote umo katika kusikizana. Hakuna siri ya nyumba ya mtu wala aibu ya mtu. Kwa fahamu yetu, hilo liko mbali na kutega sikio mlangoni. Lakini fatwa si kazi ya ukumbi huu. Mjomba na mama waende pamoja kwa shekhe wa msikiti wao, wamweleze jinsi mazungumzo yenyewe yalivyo, si jina lake tu.

Ambapo twakubaliana na mjomba kwa mikono miwili ni katika yale yafuatayo baada ya kusikia. Siku moja, Mungu atuepushie, binti aweza kulisikia neno Mayday likitamkwa mara tatu. Neno hilo lilibuniwa miaka ya 1920 na afisa wa redio wa uwanja wa Croydon, London, kutokana na maneno ya Kifaransa ya kuomba msaada. Atakayelisikia wakati huo ameingia katika jambo la roho za watu. Tarehe 5 Machi 2024 ndege mbili ziligongana juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ndogo ikaanguka, wakafa mwalimu wa urubani na mwanafunzi wake. Hebu fikiri mama wa mwanafunzi yule angeipata habari kwa sauti iliyorekodiwa na mtoto wa mtu na kutumwa katika kundi la WhatsApp. Kwa hiyo sharti letu la pili, baada ya lile la kitufe: asirekodi, asitume, asihadithie sokoni. Alichokisikia ni amana. Akivunja, redio iuzwe.

Upande wa pesa hatutakaa sana. Asianze kwa kununua. Kuna tovuti iitwayo LiveATC ambayo hurusha mazungumzo ya viwanja vingi, kikiwamo Kennedy cha New York. Na asikilize kwa simu ya mama mwezi mzima, akiwa na daftari. Mwezi ukiisha na bado ataka, basi ni mapenzi ya kweli. Na iwapo Mamlaka imekataa, hii ndiyo ile njia nyingine tuliyoahidi. Atakayeruhusiwa kununua, zipo redio za mezani ndogo kama Tecsun PL-660 na PL-680, ambazo hupokea masafa ya ndege na juu ya hayo hupokea FM na masafa mafupi, kwa hiyo nyumba nzima itafaidika na bibi atapata taarifa zake. Kipo pia kijiti cha kuchomeka katika kompyuta, cha kama dola 30 au 40, ambacho ni rahisi zaidi, lakini chataka kompyuta na subira. Sisi twaipendelea ya mezani, kwa sababu moja ya kimama: hukaa sebuleni, ikasikika na wote, wala haimfungii mtoto chumbani na kioo.

Erio isiwe mlingoti wa kuwafanya majirani wauulizie. Waya ulionyooka wima wa sentimita 58 hivi watosha kwa masafa haya, na waweza kufichika nyuma ya pazia la dirisha la juu. Ukiwekwa nje, chumvi ya bahari itaula kabla ya mwaka kwisha, basi maungio yapakwe mafuta mazito na kufunikwa. Wakati wa mitihani, mama aizime.

Baba aelezwe haya yote kabla, si baada. Asomewe barua ya Mamlaka kwa simu, na neno la mwisho liwe lake, kwani wanunuzi wakimficha aliye mbali huwa wamenunua ugomvi pamoja na redio.

Mwisho wa barua, mama ameongeza mstari kwa niaba ya bibi, aulizaye kama ataweza kuisikia ndege ya mahujaji ikienda Jeddah. Ikiondokea Mombasa, inshaallah ataisikia ikiomba ruhusa ya kuruka na sauti yake ikififia kaskazini. Ikiondokea Nairobi, njia yake i mbali nasi, na redio ya Magogoni haitaifikia. Bibi aiombee dua bila ya kuisikia.